Fundi na Usukani Mgumu

Fundi wangu huzungumza zaidi na magari kuliko na watu. Leo usukani wangu uligeuka mgumu ghafla kwenye kona, nikafika kwake nikiuzungusha kama ninahamisha kabati la bibi. Akafungua boneti, akazamisha kichwa chote mle ndani. "Geuza kushoto, mwanangu." Nikageuza. "Kulia." Nikageuza, kwapa zikitota. Kila mara aliguna, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kichafu kuliko vidole vyenyewe, kisha akauliza jambo lisilohusu gari. Mama hajambo? Umeshaoa? "Nani atanikubali, mzee, na mkweche huu?" Alicheka mpaka akakohoa. Stuli ya wateja ilikuwa imejaa spana. Hakuna aliyeikalia siku nyingi.

Nikashuka kunyoosha mgongo. Ndipo nikauona mkanda wa pampu ya usukani, umekatika, unaning'inia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya fundi. Kumbe ugonjwa alishaujua tangu alipofungua boneti. Akageuka, akaona ninachokitazama, akainamisha uso kwenye kitambaa chake. Nilikuwa na maneno makali matatu tayari ulimini. Kisha nikaiona tena ile stuli isiyokaliwa na mtu. Nikayameza, nikarudi kwenye kiti cha dereva.

"Kushoto au kulia, mzee?"