Koti la Kocha wa Makipa

Nje ya duka la fundi cherehani palikuwa na benchi la mbao, mguu mmoja umeungwa kwa waya. Fundi alilinunua kwa ajili ya wateja wanaosubiri kupunguziwa suruali, lakini miaka nenda rudi walilikalia watu wasio na suruali yoyote ya kupunguza. Mashabiki. Waliliita Benchi la Ufundi, kwanza kwa sababu lilikuwa la fundi, pili kwa sababu hakuna kocha wa timu yao ambaye hawakumfukuza wao pale, wiki mbili kabla ya viongozi.

Fundi hakuwakataza. Alishajua zamani kwamba benchi tupu hufukuza mteja kuliko bei kubwa. Mwanamke mwenye kitambaa chake akiona watu mlangoni hudhani fundi ana kazi nyingi, na fundi mwenye kazi nyingi ndiye anayetafutwa. Isitoshe, walikuwa watu wa mume wake.

Mumewe walimwita Ukuta, jina alilolipata enzi za kudaka. Goti lilipomsaliti, klabu ilimpa kazi ya kuwafundisha makipa, na akaishika miaka kumi na saba. Makocha wakuu tisa walimkuta hapo na wakamwacha hapo. Kila alipokuja mpya, Ukuta alirudi nyumbani, akavua viatu na kusema neno lilelile: "Makocha huja na kwenda, mama watoto. Milingoti haihami."

Wa kumi alifika Jumapili. Jumatatu asubuhi benchi lilikuwa limejaa.

"Huyu ana vyeti," alisema kinyozi wa mlango wa pili, jicho moja kwenye kiti chake kitupu. "Nasikia ni vya kujaza sanduku."

"Vyeti havizuii krosi." Huyu alikuwa fundi saa, walimwita Takwimu kwa kuwa hesabu za ligi nzima zilikaa kichwani mwake. "Kafundisha timu tatu. Moja ikashuka daraja, moja ikaponea siku ya mwisho, ya tatu wakamtimua kabla hajafungua mabegi."

"Hiyo ya tatu usiihesabu. Mtu hajapata hata mswaki wake, atafundisha nini?"

"Haya, furahi. Kipya kinyemi."

"Mimi kinachonipa moyo ni kwamba kaja na watu wake. Msaidizi wake, wa viungo wake, mpaka wa kuchezesha video. Timu ikiharibika hatakuwa na wa kumsingizia."

"Na wa makipa je?" Takwimu alinyanyua vidole. "Msimu uliopita tumefungwa mabao arobaini na moja. Kumi na tisa ni ya krosi. Kipa anaganda mstarini kama kashonewa pale, halafu tunaambiwa..."

Akaishia hapo. Ndani, cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Endeleeni," fundi alisema. "Nilikuwa nabadilisha uzi."

"Shemeji, tunaongea mpira tu," kinyozi akasema.

"Najua. Na mimi nashona tu."

Kwenye kigingi nyuma yake lilining'inia koti la klabu la mumewe, mgongoni lina herufi alizozishona mwenyewe: KOCHA WA MAKIPA. Ukuta alikuwa ameliacha asubuhi ile. Nani atabaki na nani ataondoka ingetangazwa Ijumaa, na yeye alitaka kuwa tayari. "Linanibana kwapani," alisema. "Nitolee kidogo, nisije nikainua mkono mbele ya mgeni likachanika."

Mchana akaja mtunza vifaa wa klabu na bahasha ya herufi, makoti sita mapya na karatasi ya vipimo. Kila msimu yeye na fundi walipatana siku. Yeye husema kesho, fundi husema wiki ijayo, wakavutana hadi siku tatu, kila mmoja akaenda zake akidhani amemweza mwenzake.

"Unayataka lini?" fundi aliuliza.

"Utakavyopanga wewe, dada."

"Jumatatu ijayo."

"Sawa."

Fundi akaweka mkasi chini. Alikuwa amejenga duka lile kwa kupatana, toka enzi za kushona barazani kwa watu, na jambo moja alilijua: mtu akikubali neno lako la kwanza, ama hajui thamani ya kitu, ama ana kitu kizito zaidi mfukoni. Mtunza vifaa hakuwa mjinga. Fundi akaikunjua karatasi mbele ya macho yake.

Kocha mkuu, kifua inchi arobaini. Msaidizi, arobaini na mbili. Akateremka mpaka mstari wa mwisho. Kocha wa makipa, inchi thelathini na sita.

Kifua cha Ukuta kilikuwa inchi arobaini na sita. Hakuhitaji tepu kukijua.

"Hii umekosea kuandika?"

"Sikukosea, dada." Alikuwa anaangalia mlango.

"Mwenyewe anajua?"

"Ijumaa. Majina yatabandikwa getini."

"Getini. Asome pamoja na wauza karanga."

"Ndivyo walivyopanga."

Fundi aliyavuta makoti yote sita upande wake wa meza. Hakuomba mumewe abakizwe. Kitu ambacho mwenyewe hakiuzi hakipatanwi; ukikikazania utapoteza siku na heshima yako juu yake. Aliomba kile kilichoweza kutoka.

"Basi Jumatatu nimeghairi," alisema. "Yatakuwa tayari Alhamisi jioni, mkutano wenu wa Ijumaa na waandishi hautawakuta na mashati. Lakini kabla ya hapo kocha mkuu amwite mume wangu, amkalishe, amwambie kwa mdomo wake."

"Dada, mimi ni mtu wa stoo. Nitamwambiaje kocha mkuu hayo?"

"Mwambie makoti yako kwa fundi, na fundi ana neno."

"Utanifukuzisha."

"Hufukuzwi. Wewe saizi yako ipo hapa kwenye karatasi."

Mtu yule aliangalia karatasi, akaangalia makoti, akatoka bila kuaga.

Fundi akaliteremsha koti la kigingini. Alifumua mshono wa kwapani, akaongeza kitambaa kidogo, akaushona upya kwa uzi mara mbili, kama kazi ya mteja mgumu. Ukuta alipolivaa jioni aliinua mikono yote miwili juu.

"Sasa nadaka hata ndege."

"Geuka nione nyuma," alisema mkewe. Herufi zilikuwa zimenyooka.

Siku mbili hakusema. Sio kwamba hakuwa na mdomo. Habari ya kufukuzwa, aliona, isitoke kwa mke. Anayeileta huondoka nayo, lakini mke hubaki nayo nyumbani.

Alhamisi asubuhi Ukuta aliitwa klabuni. Saa sita alionekana akija kwa miguu, koti limekunjwa mkononi, herufi zikiwa ndani. Kinyozi alisogea, Ukuta akakaa katikati yao.

"Kocha," kinyozi alisema, "mgeni umemwonaje?"

"Ana adabu." Ukuta alikohoa. "Kaniita ofisini, kaniagizia chai, kaniambia mwenyewe. Makocha kumi, huyu ni wa kwanza kunipa kiti. Mpeni muda."

Ndani, fundi aliinamia sindano.

"Yale mabao ya krosi," Takwimu alianza, sauti ya chini, "mimi sikuwa na maana..."

"Kumi na tisa," alisema Ukuta. "Na mimi nilikuwa nayahesabu."

Akanyanyuka, akaingia dukani. Makoti matano yalikuwa yamekunjwa. La sita lilikuwa mezani, mgongo juu. Akalishika mabegani, akalipima kwa macho.

"Mdogo huyu mtu."

"Thelathini na sita."

"Ulijua wakati unanitolea langu?"

"Nilijua."

"Na ukanitolea."

"Ulisema linakubana."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Swali la pili hakuliuliza, nani aliyemfanya mgeni awe na adabu, na mkewe hakumwambia, wala hakukusudia kumwambia siku yoyote. Mtu aliyebakiwa na kitu kimoja hanyang'anywi hicho.

Baadaye Ukuta alilivuta lile koti dogo, akaingiza kidole gumba kwapani, akaugusagusa mshono.

"Hapa utambana," alisema. "Wa makipa hurusha mipira mia mbili kwa asubuhi moja. Mkono usipofika juu, kipa hatajifunza kuitokea krosi. Mtolee kidogo."

Fundi alichukua wembe, akaanza kufumua.