Chozi Hapewi Strungi

Miaka ya sabini nilifanya kazi katika studio ya picha mjini Nyeri. Watu walikuja na makoti ya kuazima, wakasimama wima kama nguzo za ua, nikawapiga. Karibu mji mzima ulipita mbele ya kamera yangu, isipokuwa mama yangu mzazi. Kila nikimwomba alisema, "Piga ndege, baba. Mimi niko na kazi." Aliniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Alikuwa amezeeka, nami nilitaka picha yake kabla hajafa. Sikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilitosha.

Basi nikaamua kupiga ndege kweli, tena karibu na mlango wa jiko lake. Mzungu mmoja, mama mwenye shamba upande wa Timau, aliyekuwa akileta filamu zake tumwoshee, alinieleza jinsi ya kuwavuta chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda wanaofyonza maua: chupa ndogo, maji ya sukari, kitambaa chekundu shingoni. Nikaning'iniza chupa ya dawa ya kikohozi kwenye mti wa plamu. Mama alicheka. Ati mtu mzima anapikia ndege.

Baada ya siku chache dume mmoja wa kijani, mwenye mkia mrefu, aliizoea chupa ile. Jumapili nikaazima kamera ya studio. Chozi alikuja, akachovya mdomo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikaenda kunusa chupa. Maji yalikuwa meupe na yameanza kuganda.

"Mama, umetia nini humu?"

"Maziwa. Kwani nimekosa ng'ombe? Mgeni hapewi strungi kwangu."

Nilikasirika sana, lakini ningemwambia nini? Kwetu kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni kumtukana, na habari zake hufika kanisani kabla yako. Nilisema tu kwamba ndege hawana tumbo la maziwa. Akanijibu kwamba hata mimi nilipozaliwa sikuwa na meno.

Hata hivyo, Jumapili iliyofuata aliiosha chupa mwenyewe kwa maji moto, akatia maji na sukari tupu, uso umekunjamana kwa aibu ya kumpa mgeni kitu kama kile. Kabla hajaifikisha mtini, chozi akashuka, akatua juu ya kidole gumba chake na kuanza kunywa. Mama akasimama pale pale, chupa ikiwa kifuani. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, lenzi ikimlenga ndege. Nikaizungusha polepole mpaka uso wa mama ukaonekana wazi. Aliuona mkono wangu ukizunguka, akajua ninachofanya.

"Piga basi," alinong'ona, "kabla haijaenda."

Nikapiga.

Nilimpelekea picha katikati ya wiki. Ndege alikuwa ametokea kama doa la ukungu. Mama alifuta mikono kwa leso, akaishika penye mwanga, akaitazama kwa muda. Niliogopa ataichana.

"Hii ni mzuri kuliko ile ingine," alisema.

"Ile gani, mama? Wewe hujawahi kupigwa picha."

"Ya kizuizini, wakati wa Hali ya Hatari. Hapa kifuani walinishikisha namba."