Mawingu ya Makokha

Makokha wa Section 58, mtaa wa Nakuru, hupiga video za harusi na mazishi, na ukitaka kumkera, mwambie filamu ni hadithi. "Filamu ni macho!" atakujibu, kisha utakoma. Atakukalisha akuonyeshe filamu zake kuukuu za Warusi, za enzi za Usovieti, nyeusi na nyeupe: kamera imeshuka hadi matopeni, mkulima anaonekana mrefu kuliko mti, mbingu imemeza picha nzima, halafu ghafla uso wa mwanamke mmoja, karibu kabisa, umetulia mpaka unaona anavyofikiri. Maneno yao haelewi hata moja. Wateja nao hawamwelewi yeye. Mama mmoja wa Kuresoi alirudisha video ya harusi kwa hasira: "Mawingu yote haya ni ya nini, na shangazi ya bwana harusi hayuko?"

Aliyemwelewa ni Hiram tu, kijana aliyefunzwa kazi na Makokha mwenyewe. Makokha alimpa yote, hata sheria yake kuu: usiusogelee uso wa mtu kwa kamera mpaka umpende kidogo.

Sasa Hiram amejitegemea, na video yake ya mazishi ya Keringet imezagaa kwenye simu za watu. Kila kona ni Hiram, Hiram. Makokha aliapa hataitazama. Alimwonea wivu hata jina lake hakutaka kulisikia.

Jumapili moja, baada ya kanisa, akamkuta mkewe Namalwa jikoni, simu mkononi, analia. Namalwa huyu huyu ambaye filamu za Warusi humlaza usingizi kabla hata hazijaanza vizuri!

"Baba Quincy, hebu ona. Huyu Hiram si mchezo."

Akatazama, akitafuta kosa. Hakulipata. Akina mama wa kanisa lao, waliokwenda kusaidia kupika kwenye mazishi hayo, walikuwa wakimenya viazi juu ya kilima, kamera iko chini, mbingu imewafunika. Kisha uso mmoja, karibu, macho yameinamia kisu. Kamera ikakaa hapo. Ikazidi kukaa. Ulikuwa uso wa Namalwa.

Damu ikamchemka Makokha. Sheria ile aliijua, ilikuwa yake.

"Alikuambia nini huyo?"

"Nani? Hata sikujua ananipiga. Nalia juu sijawahi jiona hivi. Na wewe umepiga bibi za watu Nakuru yote. Mimi ushawahi nipiga?"

 Makokha alichukua kamera, akamfuata nje alikokwenda kuanika nguo, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kanisa. Akatafuta pembe ya kwake, isiyo ya mtu mwingine. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Kila uso ule ulipopendeza, ulikuwa umekaa vile vile alivyouweka Hiram.

"Mbona hupigi?" Namalwa akauliza.

"Nangoja mawingu," akasema Makokha. Na mbingu ya Nakuru, kutoka ziwani hadi mlima wa Menengai, ilikuwa imejaa mawingu tele.