Wifi Ameniomba Nimdhamini kwa Kazi Niliyoifanya Mimi

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana Ruangwa ni ndogo na wenye simu ni wengi. Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja, naishi Nambambo, Nachingwea. Nina diploma ya ugavi. Kwa misimu mitatu nimekuwa karani wa ghala la chama cha msingi upande wa Kiegei, tunapokea ufuta na mbaazi za wakulima. Msimu ukiisha narudi kwenye jembe. Ndiyo maana natafuta kazi ya kudumu, na kila ninapoomba ni kimya.

Mwaka huu jirani yangu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, aliomba aione CV yangu. Akacheka mpaka nikanuna. Nilikuwa nimeandika dini, kabila, kwamba napenda netiboli, na kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Akaniambia, "Dada, mchapakazi kila mtu anaandika, hata mvivu. Mwajiri mwambie ulikuta nini, ukafanya nini, ikawaje."

Nikakaa na daftari Jumapili nzima. Nikaandika kwamba nilikuta wakulima wanakaa foleni siku mbili na magunia yao, nikapanga kila kitongoji kije kwa siku yake, foleni ikaisha. Nikaandika kwamba kila gunia nililichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kabla halijapanda mzani, na likitoa mchanga linarudi kwa mwenyewe, hata akiwa ndugu. Hilo lilikuwa kweli tupu, maana la mjomba wangu niliwahi kulirudisha na hatukusalimiana mpaka Idi. Nilipomaliza kusoma nilijiona mtu. Sikuwahi kujua kwamba nimefanya mambo yote hayo.

Nikapanda basi hadi Ruangwa kwa Somoe, si jina lake. Tulisoma naye tangu kidato cha kwanza, sasa ameolewa na kaka yangu, na ameajiriwa kwenye stesheneri. Kampuni moja ya kununua mazao ilitangaza nafasi ya msimamizi wa ghala, maombi kwa imeili. Somoe akachapa CV yangu, akasoma kila mstari, akasema, "Wifi, hii wataikubali. Nenda tu, nitaituma mimi mwenyewe." Nikiwa mlangoni akaongeza, "Na mimi kuna sehemu naomba, nimekuweka mdhamini. Wakipiga we sema ndiyo." Huku kwetu kuwekana wadhamini ndugu kwa ndugu ni kawaida, wala hatuulizani kazi gani. Nikamjibu, "Hilo tu? Limeisha."

Jumanne hii asubuhi napepeta mbaazi, simu ikaita. Mwanaume mwenye sauti ya ofisini akasema anatoka kampuni ile ya mazao, akauliza kama mimi ndiye niliyemsimamia Somoe ghalani misimu mitatu. Kabla sijajibu akaanza kunisomea. Wakulima foleni siku mbili. Kila kitongoji siku yake. Bambo kila gunia. "Ni kweli mambo haya yalifanyika?" Nikasema yalifanyika. "Na aliyeyafanya ni yeye?" Ungo ukanidondoka. Nikamuuliza kwanza kama wamepata maombi ya mtu mwingine kutoka Nachingwea, nikamtajia jina langu la kwenye cheti, maana yeye alikuwa ananiita mama fulani, kwa jina la mwanangu, kama Somoe alivyoniandika. Akatafuta, akasema, "Hapana mama, jina hilo hatuna." Nikadanganya kwamba mtandao unasumbua. Akasema atanipigia tena Ijumaa, wamebaki watu wawili tu na neno langu ndilo litakaloamua.

Jamani, hakuituma! Alinichapia, akanisifia, akafuta jina langu akaweka lake.

Nikampigia. Hata hakukataa. "Wifi, wewe una shamba la mama, mimi nina nini? Nachapa maombi ya watu kila siku, wao wanapata kazi, mimi nabaki kwenye kiti kile kile. Na kwani maneno yameisha? Si ukaandike mengine?" Ati mengine! Niende nikafanye misimu mitatu mingine ili nipate ya kuandika? Nikakata simu, nikalia kama nimefiwa. Angeniomba nimsaidie kuandika ya kwake ningekaa naye Jumapili nyingine nzima. Hana asichokifanya pale stesheneri, ila hajawahi kuulizwa.

Kaka naye nimemweleza, jibu lake ni hili: "Ukimharibia mke wangu umeniharibia mimi."

Sasa niwaambie kinachonifunga mdomo. Mama yetu amepooza upande mmoja, anaishi Ruangwa kwa kaka na Somoe. Anayemwogesha, anayemgeuza kitandani, anayemlisha uji kwa kijiko ni Somoe huyo huyo, na hajawahi kumsimanga hata siku moja. Jana mama kaniambia kwenye simu, "Mkwe wangu ananitunza, usigombane naye." Hajui chochote.

Nikisema ukweli, Somoe ataikosa kazi, na naogopa hasira yake itamwangukia mama. Nikisema uongo, nimejifuta mwenyewe kwa mdomo wangu, na sijui nitaandika nini tena mahali popote. Msinitukanie wifi yangu, wala msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia. Nipeni akili tu, wenzangu. Ijumaa yule baba akipiga na kuuliza aliyeifanya kazi yangu ni nani, nimtajie nani?