Nyuzi Kumi na Sita

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, kwa hiyo ivumilie sauti yangu. Jana nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Kipimo kisipokupendeza kirekebishe, ni namba tu." Namba tu! Kaa hapa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa fundi wa kompyuta kule Ifo, kambi ya wakimbizi wa Somalia, katika ofisi ya mabati iliyoandikisha watu waliopotezana na jamaa zao vitani. Mimi mtu wa Hola, Kisomali changu kiliishia kwenye salamu, lakini kiburi nilikuwa nacho cha kugawia kambi nzima.

Tukaletewa kompyuta mpya. Ndani yake mlikuwa na kipimajoto cha prosesa, ule ubongo wa mashine, ila mfumo wetu endeshi haukukitambua. Kiendeshi, yaani programu ya kusoma kifaa hicho, kilijua vipimajoto vya zamani tu. Nikasema nitakiongezea mistari kisome na hiki, ili mashine ijizime yenyewe joto likifika nyuzi sabini. Siku tatu nikaandika, ikasoma, nikajiona bingwa.

Siku ya nne niliiwasha adhuhuri, imezimwa tangu jana. Kipimo cha kwanza kikaja nyuzi arobaini na moja. Kitabu cha maelekezo kilisema mashine iliyopoa huwa na joto la chumba, nyuzi ishirini na tano. Basi nikakata shauri kwamba kipimajoto kinadanganya, nikaandika mstari wa kupunguza kumi na sita kwenye kila kipimo. Mwanangu, chumba cha nani kina nyuzi ishirini na tano Ifo, adhuhuri, chini ya mabati? Nguo imenigandia mgongoni kwa jasho, na bado nikaamini kitabu cha watu wa nchi za baridi! Unacheka? Usicheke.

Kila asubuhi alikuja Mzee Diriye, mfugaji aliyepotezana na binti yake njiani kuja Liboi, mpakani. Asubuhi moja, wiki mbili baadaye, aliweka kiganja juu ya kompyuta, akakitoa haraka.

"Abaayo," yaani dada, "hii kitu iko na homa. Zima, ibumzike."

"Mzee, hapa imeandikwa sitini na sita," nikamjibu, hata sikumtazama. "Mkono wako si kipimo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile lililovunjika si guu langu. Kabla ya saa sita tulisikia harufu ya kuungua. Joto lilikuwa limepika sanduku zima, na diski yenye majina ikafa. Nakala tulikuwa tukitoa mwisho wa mwezi, na ndipo tulipolinganisha majina ya wanaotafutana, kwa hiyo majina ya wiki mbili yalipotea yote, na karatasi zake tulikwisha kuzichoma. Karani aliyeyaingiza akashika kichwa. Alikumbuka msichana mmoja anayemtafuta baba yake, Diriye. Alipo msichana huyo, hakukumbuka.

Kesho yake ndipo nilipoazima kipimajoto cha ukutani cha zahanati nikakitundika ofisini. Adhuhuri kikasoma arobaini na moja; kumbe prosesa ilisema kweli, na ile sitini na sita ilikuwa themanini na mbili, ndiyo maana mashine haikujizima. Nikamweleza mzee kila kitu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

"Mashine ilisema kweli," akaniambia. "Wewe ulifunga yeye mdomo. Mimi naambia wewe, wewe nafunga yangu. Sasa mtoto yangu nani ataniambia iko wabi?"

Alipanda lori kwenda Liboi kuulizia, akarudi, akaenda tena. Miaka miwili alikwenda na kurudi, na tulimzika Ifo bila kumwona binti yake. Vita viliwatenganisha, lakini aliyewazuia wasikutane ni mimi.

Basi sikia, na sitarudia. Namba isipokupendeza, inuka ukaangalie kabla hujaigusa. Kitabu kikisema hivi na hali iliyo mbele yako ikasema vingine, pima mwenyewe, tena mahali ulipo. Akikuonya mtu asiyejua kazi yako, simama umsikilize, hata kama una haraka na unajiona msomi. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akuzidishie elimu, mwanangu, na akuvunje kiburi mapema, kabla hakijamgharimu mwenzio. Amin. Haya, nenda ukaufute ule mstari uliouandika jana kurekebisha kipimo.