Dumu la Petroli Halisuuzwi Ziwani

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu, na kama ningeweza kuisahau ningekuwa nimeshaisahau. Asubuhi nimekuona umeinama ziwani unasuuza dumu la petroli huku unapiga mluzi. Kesho unawapeleka akina mama kliniki kwa boti yako, na petroli ya dumu hilo hilo. Basi kaa. Nimechoka, na jambo hili silisemi mara mbili.

Nilikuwa mke mpya, nina mimba ya kwanza. Babu yako Kalisti alikuwa na boti yenye mashine nyuma, ya kwanza hapa kijijini, na mimi nilitembea kama mke wa diwani. Petroli ilifuatwa huko juu Mbinga, kwa lori la kahawa. Safari hiyo dumu la petroli lilikuwa limepasuka, akachukua lile la togwa ya kunywa. Akalisuuza ziwani, akalifunga kifuniko likiwa bado limelowa ndani, akapanda nalo lori.

Sisi watu wa ziwa tuna ugonjwa wetu: kitu hakijawa kisafi mpaka kipite ziwani. Sufuria ziwani, mtoto ziwani, dagaa wa usipa ziwani. Hata mimi nilimwona akisuuza na sikuona ajabu.

Uchungu ulinishika mchana, siku ile ile aliyojaza tangi kwa petroli hiyo. Mkunga akapapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, nipelekwe hospitali ya misheni haraka. Nikalazwa kwenye boti, kichwa mapajani kwa mama mkwe. Tulipopita yale majabali, mashine ikakohoa, ikazima. Kalisti akavuta kamba. Ikanguruma kidogo, ikafa. Akavuta mpaka kiganja kikachubuka.

"Mama, mashine imerogwa. Kuna watu hawapendi maendeleo yangu."

"Waache watu. Petroli uliitia kwenye dumu gani?"

"La togwa. Lakini nililisuuza vizuri, Mama!"

"Wapi?"

Akageuka kuyatazama maji ya ziwa. Mama mkwe akamwambia amimine petroli kidogo ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe ya kioo. Petroli ikapanda juu, maji yakakaa chini, yametulia kama jicho la samaki.

"Haya, mchawi wako huyo," akasema. "Umemsuuza mwenyewe, ukamfungia kifuniko. Mashine haibatizwi, Kalisti! Shika kafi."

Petroli nyingine hatukuwa nayo. Akapiga kafi, na upepo wa mwera unatusukuma nyuma, tukipiga hatua unaturudisha. Mimi nilikuwa nayahesabu majabali yale yale. Tulifika jua limezama. Mtoto alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi. Hakulia.

Baba yako mnamwita kifungua mimba. Siye. Sikuwahi kukuambia.

Babu yako sikumlaumu. Utamlaumu vipi mtu ambaye kafi limelowa damu ya viganja vyake? Lakini tangu hapo dumu lake la petroli lilining'inia ukutani, mdomo chini, mpaka alipokufa. Walimcheka kwamba anafuga dumu kama kuku. Acha wacheke. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa sikia, mwanangu. Dumu la petroli liwe la petroli tu, lisionje togwa wala maji. Ukikuta limelowa, lipindue juani mpaka ndani kuwe kukavu kabisa. Usiliache limejaa nusu siku nyingi, maana usiku hutoka jasho kwa ndani kama ukuta wa bati. Kabla ya kujaza tangi, acha dumu litulie, umimine polepole, cha chini kibaki chini. Chupa nyeupe iwe botini siku zote, uangalie kabla ya kung'oa nanga, siyo katikati ya ziwa. Na makafi usiyaache nyumbani eti una mashine. Mashine ikigoma usitafute mchawi. Tazama kwanza mkono wako ulifanya nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu uko kule kwenye makaburi ya misheni, mdogo, hauna jina.

Ile petroli ya leo uliyoitia humo imwage. Usinijibu kwamba ni hasara.

Mungu akupe safari ya kwenda na ya kurudi. Kila mama utakayempandisha ashuke na mtoto analia. Haya, nenda ukalipindue dumu, jua bado lipo.