Kuonja Si Kula, Anasema Yiamat

Saa kumi na mbili asubuhi, Yiamat anafunua sufuria ya supu ya makongoro ya ng'ombe kwenye kibanda chake, kata ya Sokon I. Anachota kwa upawa, anamwaga kidogo kiganjani, analamba. Anaongeza chumvi, analamba tena.

Ana miaka 51, na anamshuku mkewe.

“Huyu mama ananiwekea chumvi nyumbani kwa siri,” anasema, akimtupia jicho Theresia anayekata ndimu. “Mimi chumvi niliacha tangu Februari. Sasa mbona presha haishuki?”

Februari ndipo alipopimwa: 180 kwa 110. Kaka yake Simel alianza hivyohivyo, na huu ni mwaka wa pili yuko kitandani kule Olmotonyi, upande mmoja umepooza, analishwa kwa kijiko. Yiamat aliogopa, na nani asingeogopa? Akaacha nyama ya mafuta, akaacha chumvi ya mezani, akameza vidonge kila siku. Mwezi uliopita kipimo kikasoma 175.

Kwanza alishuku mashine ya zahanati. Kisha akashuku vidonge ni feki. Mwisho akahamia kwenye sufuria za Theresia, na tangu hapo chakula cha jioni anakula kwa dada yake.

“Inaniuma sana,” anasema Theresia. “Miaka ishirini na mbili namlisha, leo naonekana mtu wa kumtilia sumu.”

Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na shaka zake, akaanza kuhesabu. Kufikia saa nne, kiganja kilikuwa kimelambwa mara thelathini na nane.

Anapoambiwa, Yiamat anakunja uso. “Kuonja si kula. Mpishi wa supu asiyeonja ni mpishi gani?”

Kandida, muuguzi anayekunywa chai hapo kibandani, anaguna. “Baba Princess, si unameza? Hiyo ni bakuli nzima, chumvi na mafuta yake, kila siku. Presha ikikaa juu miaka, moyo na mishipa vinachoka.”

Yiamat anakitazama kiganja chake.

Kuanzia kesho, anasema, chumvi ya supu ataipima kwa kijiko badala ya kulamba, tena ataweka kidogo. Desemba binti yao Princess anapata kipaimara. “Nataka nisimame naye kanisani kwa miguu yangu. Nisibebwe kama Simel.”

Kisha anamgeukia mkewe. “Mama Princess, leo nitakula nyumbani.”

Theresia haachi kukata ndimu. “Utakula. Lakini utakaa jikoni uniangalie ninavyopika, mwanzo mpaka mwisho. Sitaki kuulizwa tena.”